Beti Saba za Mkorogaji

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka juu ya mabati, gari la bohari ya shule lilikuja kinyumenyume hadi mlangoni mwa karakana ya chaki, likashusha maboksi thelathini ambayo lilikuwa limeyachukua wiki iliyotangulia. Juu ya boksi la kwanza palibandikwa barua fupi ya mkaguzi wa bohari: chaki zilikuwa zikivunjika mikononi mwa walimu kabla hawajamaliza kuandika tarehe, Alhamisi saa tatu angekuja mwenyewe kuzipima nyingine, na hizo nazo zikivunjika, shule zingenunua chaki mahali pengine.

Msimamizi wa karakana aliisoma barua ile mara mbili. Mara ya kwanza aliisoma kwa macho. Mara ya pili aliisoma kwa kalamu nyekundu, akaongeza mkato uliosahauliwa katika sentensi ya pili. Ndipo maana yake ilipomshukia, akaketi juu ya maboksi.

Hakuna aliyemwita msimamizi. Wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amefundisha miaka thelathini na sita, na hata baada ya kustaafu bado alitembea kama mtu ambaye kengele imeshagongwa. Mdogo wake, mwenye karakana, alipokuwa akifunga safari ya matibabu ya miezi miwili, alimtia funguo mkononi akamwambia, "Kaka, wale watu wanne wanaijua kazi kunishinda mimi. Wewe waangalie tu."

Mwalimu aliupokea wasia huo kwa uaminifu usio na mfano. Siku ishirini na moja za kazi alikuwa akiwaangalia. Kila asubuhi alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama asimamiaye mtihani. Na baada ya sala ya adhuhuri na chakula, alijifungia ofisini kuandika taarifa ya siku kwa mwandiko wa kupendeza. Siku ya kwanza alimsahihisha kila mmoja kitu kimoja, ili wajue kwamba ana macho: huyu namna ya kushika ufagio, yule namna ya kufunga kamba, na mkorogaji mstari wa shairi alilokuwa akilighani huku akikoroga. Na sasa karakana iliyodumu miaka kumi na minne ilikuwa imebakiwa na siku tano. Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, nazo ni shule. Shule zikiondoka, mdogo mtu angerudi akute kufuli limeota kutu, na wale wanne wangekuwa wametawanyika kila mmoja na lake.

Wanne hao walikuwa hawa. Mkorogaji aliitwa Mwiko, kwa ule mwiko wake mrefu kama kasia, aliokorogea unga wa jasi na maji katika karai. Aliyeumimina uji ule katika kalibu na kuvitoa vijiti vikishaganda alikuwa mama wa makamo, Mama Kalibu, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Aliyevianika uani juu ya mbao alikuwa bwana mrefu aliyeshinda juani tangu asubuhi hadi jioni, na kwa sababu hiyohiyo wenzake wakamwita Kivuli. Wa mwisho, aliyepanga chaki katika maboksi, alikuwa Bi Boksi, mke wa seremala wa mtaa wa pili. Ikifika saa sita wote huwa weupe kuanzia kope hadi kucha, wakaamkiana shikamoo kwa mzaha, kila mmoja akidai kwamba mwenzake ndiye mwenye mvi nyingi.

Siku hiyo hapakuwa na mzaha. Mwalimu aliwapanga mstari mbele ya ubao, aliouleta mwenyewe kutoka nyumbani, akakohoa.

"Chaki ikivunjika," alisema, "sababu yake ni jasi iliyo mbo-?"

"Mboovuuu!" wakaitikia wote kwa pamoja.

"Vizuri sana. Na jasi mbovu, dawa yake ni kuiche-?"

"Kuichekeechaaa!"

"Vizuri sana! Mnaona? Majibu mnayo wenyewe."

Wakachekecha kutwa nzima. Walichekecha hadi Kivuli akapiga chafya kumi na saba, Bi Boksi akizihesabu kwa sauti. Magunia manne yakapita katika chekeche, jasi ikatoka laini kama poda ya mtoto mchanga. Jumapili asubuhi, ijapokuwa ilikuwa siku yao ya mapumziko, walikuja kwa hiari kujaribu karai moja. Mwiko akakoroga, Mwalimu akiwa nyuma yake. Mama Kalibu akamimina, akangoja, akafungua kalibu, akashika kijiti cha kwanza. Kikakatika katikati kama biskuti.

Mwalimu aliwatazama, nao wakatazama ubao.

Alasiri alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi jikoni ambako mkewe alikuwa akichambua mchele. Akamsimulia yote: barua, magunia, chekeche, kijiti.

"Na wao wanasemaje?" mkewe akauliza.

"Wanasema jasi ni mbovu."

"Wamesema wao, au umesema wewe wakamalizia?"

Mkewe akatupa jiwe dogo dirishani, akaendelea na sinia lake.

"Baba watoto, nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Tumeoana miaka thelathini na minane. Sijasikia siku hata moja ukiuliza swali usilolijua jibu lake. Hata ukiniuliza kama chumvi imezidi, huwa umeshaionja."

"Hayo si kweli."

"Haya. Niulize moja sasa hivi. Moja tu. Usilolijua."

Mwalimu akacheka, akajiweka sawa kitini, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Alitazama huku na huku jikoni mle kama mwanafunzi aliyeingia katika mtihani wa somo asilolisoma. Mchele akauacha, birika akalipita, jiko akaliruka. Hatimaye macho yake yakatua dirishani.

"Kwa nini," aliuliza polepole, "kila asubuhi unafungua dirisha hili kabla hujawasha jiko? Hata mvua ikinyesha?"

Mikono ya mkewe ikasimama juu ya mchele.

"Subhanallah," alisema. "Miaka yote hiyo! Ni kwa ajili ya yule bibi wa upande wa pili. Tangu mumewe afariki anaishi peke yake. Mimi nafungua langu, yeye anafungua lake. Siku lake lisipofunguka, nitavaa viatu niende nikamtazame. Tulikubaliana hivyo, mimi na yeye. Ni mwaka wa tisa huu."

"Hukuniambia kamwe."

"Hukuniuliza kamwe."

Mwalimu alilitazama dirisha lile kana kwamba limetobolewa ukutani dakika hiyo. Mkewe akamsogezea chai, na alipoona kwamba kweli hajakasirika, akaongeza la pili: "Na jambo jingine. Ukishauliza, funga kinywa. Wewe ukiuliza unahesabu mbili, ya tatu unajibu mwenyewe."

"Nihesabu ngapi basi?"

"Ehe! Hilo nalo hukulijua," mkewe akacheka. "Tasbihi si unayo mfukoni? Vuta thelathini na tatu. Mtu akiwa na la kusema, zikifika thelathini na tatu atakuwa ameshalisema."

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliugeuza ubao ukatazama ukuta. Akachukua ndoo tupu, akaipindua, akaikalia, akawa chini ya macho yao wote. Na wao wakabaki wamesimama, wasijue mikono yao waiweke wapi.

"Kaeni, jamani," alisema. "Mimi sijui chaki zinavunjika kwa nini. Nilijifanya najua, tukachekecha bure. Nyinyi mnazishika kutwa. Mmeona nini ambacho mimi sijakiona?"

Akafunga kinywa. Akatia mkono mfukoni, akaanza kuvuta punje za tasbihi.

Kivuli akageuka kuutazama ubao, kama pengine jibu limeandikwa upande wa pili. Bi Boksi akajifuta mkono uliokuwa safi. Punje ya kumi ikapita. Ya kumi na tano. Mwalimu hakuwahi kujua kwamba kimya kina uzito kama gunia; kilimkalia mabegani. Jibu zuri kabisa lilimjia kuhusu maji, akaling'ata.

"Jasi mbovu?" Kivuli akajaribu.

Neno "vizuri" lilishafika ncha ya ulimi. Mwalimu akalimeza likiwa na miba yake yote.

"Ehe? Umeona nini katika jasi?"

"Sijaona kitu, Mwalimu. Nimejibu kwa adabu tu."

Mama Kalibu akapasuka kicheko, Bi Boksi akamfuata, na kile kimya kikapata ufa. Kupitia ufa huo Bi Boksi akasema, "Mimi nina neno, ila sijui kama lina maana."

"Liseme lilivyo."

"Zinazovunjika ni za asubuhi. Za alasiri hazivunjiki. Mimi za alasiri nazipanga huku napiga soga, wala sizitazami. Za asubuhi nazishika kama mayai."

Siku ishirini na moja mama huyu alikuwa na habari hiyo mikononi mwake! Alitaka kumwuliza kwa nini hakusema, lakini jibu la swali hilo alikuwa nalo tangu jana jikoni. Badala yake akawageukia wengine. "Nani mwingine ameona tofauti ya asubuhi na alasiri?"

"Jua ni lilelile," alisema Kivuli, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Naanika mbao zote pamoja, za asubuhi na za alasiri, zinakaa siku mbili. Kwa hiyo kosa si jua. Na jasi pia ni ileile, tunaichota gunia moja. Ile tuliyoichekecha, Mwenyezi Mungu anisamehe chafya zangu, ilikuwa nzima tangu mwanzo."

"Za asubuhi zina vidonge," Mama Kalibu akaingia. "Nikimimina navisikia chini ya kidole. Uji haujakubaliana. Wa alasiri unateremka kama mafuta."

Macho yote yakamwendea Mwiko. Yeye alikuwa amejiinamia, akichora duara kwa kidole katika vumbi jeupe la sakafu.

Hapo kidole cha Mwalimu kiliinuka chenyewe. Kwa miaka thelathini na sita kidole hicho kilikuwa kimeinuka mara maelfu, na kila kilipoinuka kilifuatwa na maneno yaleyale: umefanya nini wewe? Akakiona kimesimama hewani mbele ya pua yake. Akakikunja, akakirudisha mfukoni kwenye tasbihi, akatafuta swali jingine. Na swali alilolipata lilikuwa la kweli, kwa kuwa hakuwa na hata chembe ya jibu lake.

"Kuna nini hapa asubuhi," aliuliza, "ambacho alasiri hakipo?"

Punje moja. Mbili. Tatu. Kivuli akatazama dari. Bi Boksi akamtazama Mama Kalibu. Kumi na mbili, kumi na tatu. Mwiko akafuta duara lake, akachora jingine. Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na nane.

"Lo, nitasema mimi, mwenye umri," Mama Kalibu akavunja kimya. "Ni wewe, Mwalimu. Asubuhi upo, alasiri hupo."

Paa la mabati likalia kwa joto. Mwalimu alibaki na punje ya ishirini na tisa kati ya vidole. Masikio yake yaliwaka, na kwa muda aliona wazi njia ya kutokea: kusimama, kuugeuza ubao, kuwaambia warudi kazini. Ndoo aliyoikalia ikalia kwa uzito wake. Hakusimama.

"Mimi nafanya nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko aliyoikusudia.

Sasa ikabidi Mwiko aseme.

"Mwalimu, mimi sina saa. Sikuwahi kukoroga kwa saa. Nina shairi langu la beti saba, nimelitunga mwenyewe. Nikilighani lote, uji unakuwa tayari; likibaki ubeti mmoja, uji haujawa. Miaka kumi na minne ni hivyo. Ile siku ya kwanza ukanisikia, ukaniambia ubeti wa kwanza, mstari wa tatu, mizani imepungua. Nikaona haya. Tangu hapo ukisimama nyuma yangu naghani moyoni. Na moyoni..." akakuna kichwa, vumbi likamwagika, "moyoni shairi linakimbia. Sifiki hata pumzi tatu, limekwisha."

"Na alasiri?"

"Alasiri umejifungia ofisini. Nalighani kwa sauti."

"Tena sauti ya kutoboa ukuta," akaongeza Kivuli. "Ofisini hulisikii, Mwalimu?"

"Nilidhani ni redio ya jirani," alisema Mwalimu.

Kicheko kilichofuata hakikuwa na adabu hata kidogo. Bi Boksi alijiegemeza kwenye maboksi, Kivuli akajipiga paja hadi likatoa wingu, na Mwalimu mwenyewe, baada ya kushindana na midomo yake, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamchora mistari miwili mashavuni. Kwa vicheko vile mnunuzi yeyote apitaye angesadiki kwamba karakana imepata oda ya mwaka mzima.

Alipopata pumzi alisema, "Nisomee, mwanangu. Kwa sauti."

"Kwa sharti. Usisahihishe."

"Sisahihishi."

"Wallahi?"

"Nimekuahidi mbele ya watu."

Mwiko akatia jasi katika maji, akaushika mwiko wake, akatanua miguu, na sauti ikamtoka pana, tamu, ya mtu aliyerudishiwa kitu chake:

*Mama mkwe kaja kwangu, kanambia siku tatu,*
*Kahamisha kiti changu, kaweka vyake viatu,*
*Kapenda chumba changu, hataki kutoka katu,*
*Mwezi wa tano wenzangu, bado ni siku ya tatu!*

Katika mstari wa tatu Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba, lakini kinywa hakikufunguka. Beti sita zilizobaki zikapita, mama mkwe akihamia kutoka chumbani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi kwenye nafasi ya mwenye nyumba mezani. Shairi lilipokwisha, uji ndani ya karai uling'aa bila kidonge. Mama Kalibu akauchota, akauacha uteremke, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa nina swali," alisema Mwalimu, "na wallahi jibu silijui. Mtunzi wa mistari ile mingine hawezi kukosa mizani kwa kutojua. Ule mstari wa tatu kwa nini umeuacha pungufu?"

Mwiko akamtazama kuona kama ni mtego. Hakuona mtego.

"Hapo ndipo ninapobadilisha mkono," alisema, akauinua mwiko akaonyesha. "Kulia, kulia, mistari miwili. Wa tatu, napumua, natia kushoto. Nikiujaza, mwiko unagonga karai. Kila ubeti, mstari wa tatu umepungua kidogo, ndiyo nafasi ya mkono."

Mwalimu alisimama kutoka kwenye ndoo. Alikwenda mpaka kwenye karai, akainama, akautazama uji ule mweupe kwa muda mrefu. Alikuwa amesoma elimu ya arudhi kwa masheikh wawili, na hakuna aliyemwambia kwamba upungufu unaweza kuwa na kazi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Nimeshasamehe, Mwalimu. Ila asubuhi kaa ofisini."

"Asubuhi nitabeba mbao na Kivuli. Mgongo wake nimeuona ulivyopinda."

Jumatatu hiyo walijaza kalibu mara tisa. Jumanne na Jumatano jua, kwa fadhila za Mola, halikuficha uso. Mwalimu alizibeba mbao za kuanikia kwa ncha moja na Kivuli kwa ncha nyingine, na kwa kuwa mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi, chaki ziliteleza zote upande wa Mwalimu. Akauliza jinsi ya kuzuia jambo hilo, na Kivuli, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamfundisha mwalimu.

Alhamisi saa tatu kamili mkaguzi aliingia, mtu mkavu mwenye miwani na begi la ngozi. Hakukubali kiti. Alifungua boksi alilolichagua mwenyewe, akatoa chaki kumi, akazisukuma kutoka ukingoni mwa meza zikaanguka sakafuni moja baada ya nyingine. Tisa zililia zikabingirika. Ya kumi ikakatika ncha, na Kivuli akaegemea mlango.

"Moja katika kumi inaruhusiwa," alisema mkaguzi. Akaokota ile iliyokatika, akauendea ubao, akaugeuza, akaandika tarehe yote, siku, mwezi na mwaka, kisha akapiga mstari mrefu chini yake. Chaki haikulia wala haikuvunjika. Akaigeuza vidoleni. "Gari litakuja mchana. Leteni maboksi themanini. Na mwezi ujao vilevile."

Bi Boksi alitoa kigelegele kabla hajajizuia. Mkaguzi akavua miwani, na bila miwani alionekana mtu wa kawaida kabisa.

"Lakini nieleze, Mwalimu. Wiki iliyopita chaki zenu zilikuwa vumbi. Mmebadilisha nini?"

Jibu lilikuwa tayari, limepangika, lina utangulizi na hitimisho. Mwalimu akaliacha lipite.

"Mwulize mkorogaji," alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Mkaguzi akamgeukia Mwiko, na Mwiko, ambaye maneno ya kueleza hakuwa nayo, akatia jasi katika karai akaanza kumwonyesha. Sauti ikapaa hadi mabatini. Mkaguzi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mstari wa kwanza akatabasamu, wa pili akacheka. Katika mstari wa tatu tabasamu likasita. Vidole vyake vikaanza kuhesabu kimoja kimoja juu ya begi la ngozi, midomo ikacheza, kidole cha shahada kikainuka hewani.

Wafanyakazi watatu wakamtazama Mwalimu kwa hofu. Mwalimu akapiga hatua mbili, akakishika kidole kile kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akakishusha.

"Ndugu mkaguzi," alisema, "wewe chai yako unaipenda vipi?"

Mkaguzi akafikiri. Kwa uso wake ilionekana kwamba ni muda mrefu hakuna aliyemwuliza. Nyuma yao Mwiko alibadilisha mkono, akaingia mstari wa nne; na Mwalimu akafunga kinywa, akatia mkono mfukoni, akaanza kuvuta punje.